Sehemu Tano, Mara Tatu: Namna ya Kufundisha Kiswahili kwa Matembezi ya Mji Mkongwe

Kila mwaka mvua za masika zikishakatika na kusi likianza kuvuma, huanza kuingia Unguja vikundi vya wanafunzi kutoka vyuo vya Marekani, Ulaya na kwengineko. Kwao ni likizo ya kiangazi. Kwetu ni kipupwe, hewa ya kutembea na kukaa nje. Wengine hukaa wiki sita, wengine nane. Asubuhi wanasoma darasani, mchana wanatolewa kwenda kuuona mji. Mwongozo huu nimewaandikia wenzangu tunaowatoa: walimu wa Kiswahili kwa wageni, vijana wanaoitwa kusaidia, na familia zinazowapokea majumbani.

Msimu wa kwanza niliopewa kazi hii nilipanga sehemu kumi na tatu kwa wiki mbili. Niliona nimefanya kazi kubwa. Mwisho wa wiki ya pili nikawapa jaribio la kuzungumza. Walijua kuwa Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kutolewa mwaka 1698. Walijua kuwa Sultani Sayyid Barghash alijenga jumba la Beit al-Ajaib mwaka 1883. Waliyajua yote hayo kwa Kiingereza, maana ndivyo walivyoelezwa na mtembezaji. Nilipomwambia mmoja wao aninunulie chane la ndizi, alinyoosha kidole, akatoa noti, akasubiri chenji kimya. Siku kumi na nne amekaa katika mji ambao lahaja yake, Kiunguja, ilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na hakuna mtu wa mji huo aliyezungumza naye.

Usiku ule nilikata sehemu nane katika ratiba. Zikabaki tano, na kila moja tunairudia si chini ya mara tatu. Mambo mengine yote ninayoyaeleza hapa yametokana na uamuzi huo.

Hatua ya kwanza: tembea wewe kabla hujamtembeza mtu

Anza mwezi mmoja kabla hawajafika. Sehemu zangu tano ni hizi: uchochoro mmoja wa makaazi Kiponda, Marikiti ya Darajani, baraza ya kahawa Sokomuhogo, Mkunazini, na Michenzani. Zako zinaweza kuwa nyengine. Usizichague kwa kuwa zinapendeza kwenye picha. Jiulize kama pana mtu ambaye yupo pale kila siku, ana nafasi japo ya robo saa, na yuko radhi kusemezwa na mgeni anayebabaika. Kama hayupo, hapo pazuri pa kutazama lakini si pa kujifunzia lugha.

Ukishampata mtu huyo, kaa naye. Mueleze kwamba watakuja vijana watatu, kwamba wataongea Kiswahili kibovu, kwamba unamuomba asiwajibu kwa Kiingereza hata kama anakijua, na kwamba anaweza kuwasahihisha. Kisha zungumzeni malipo. Hapa nasisitiza. Bajeti za programu hizi huwa na fungu la tiketi, fungu la gari, fungu la chakula cha mchana, lakini mama aliyeacha kazi yake nusu saa kumfundisha mtoto wa watu kutofautisha "nipe" na "naomba" hatengewi kitu. Lipiganie fungu hilo tangu mwanzo, kwenye kikao cha kwanza na waratibu. Ni ujira wake, si sadaka. Akikataa fedha mkononi, basi wanafunzi wanunue kwake kila wanapopita.

Pita njia zote kwa miguu, saa ile ile mtakayopita na wanafunzi. Uchochoro uliotulia saa 3 asubuhi unaweza kuwa umejaa vespa na mikokoteni saa 5. Panga kwa kufuata sala: adhuhuri na alasiri watu wako msikitini, na Ijumaa mchana maduka mengi hufungwa. Tazama pia kalenda ya msimu wenyewe. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na mwezi huo huo wa Julai Makunduchi huwa wanasherehekea Mwaka Kogwa, mwaka mpya wa jadi. Ukiweza kuwafikisha huko, wape siku nzima na uwaandae mapema kusikia Kimakunduchi, maana hawatakielewa, na ni vyema wajue kwamba hata wewe mwalimu wao kuna maneno yanakupita.

Mambo ya karatasi yamalize mapema. Mtembezaji utakayemchukua awe na kitambulisho cha Kamisheni ya Utalii. Wageni wote wanaoingia, tangu tarehe 1 Oktoba 2024, wanatakiwa kuwa na bima ya safari ya Shirika la Bima la Zanzibar, kwa hiyo hakikisha imelipwa kabla hawajapanda ndege. Na waandikie kuhusu mavazi wakiwa bado kwao, si siku wanayoshuka na mabegi yameshafungwa: mabega na magoti yafunikwe, nguo isibane, na kanga moja ndani ya mkoba haimzidii mtu uzito.

Wagawe watatu watatu. Wanafunzi kumi na wawili wakitembea pamoja ni msafara, na msafara huzungumza lugha yake wenyewe. Watatu hawana pa kujificha. Usiwaweke marafiki pamoja, na usimuweke yule anayesema vizuri kuliko wote na wawili wanaoogopa, kwa sababu atawasemea mpaka siku ya kuondoka.

Hatua ya pili: saa na salamu

Ratiba yote iandikwe kwa saa za Kiswahili tangu karatasi ya kwanza. Saa 2 asubuhi iwe saa 2 asubuhi. Usiweke saa zao kwenye mabano, kwa sababu jicho litakwenda kwenye mabano kila mara. Siku mbili za kwanza mtapoteana kidogo, siku ya tatu wameshazoea.

Matembezi ya kwanza yasizidi uchochoro mmoja. Kazi ni moja: kila mwanafunzi asalimie watu kumi, kumi kweli, na aandike alivyojibiwa. Darasani kwao walifundishwa "Hujambo? Sijambo" kama vile salamu ni kufungua mlango na kuingia. Hapa atagundua kuwa salamu ndiyo nyumba yenyewe. Atasikia "Sabalkheri", "Masalkheri", "U hali gani?", "Wazima nyumbani?", "Habari za tangu jana?" Atamwambia kijana wa rika lake "shikamoo" na kijana atatahayari. Atampita bibi aliyekaa kizingitini bila kusema kitu, na bibi atamwita: "We mwanangu, mbona unapita kama hukuona mtu?"

Hilo la bibi liliwahi kumtokea mwanafunzi wangu wa kike kutoka Marekani. Alikuwa mwenye haya, si mwenye kiburi, lakini uchochoroni haya na kiburi vina sura moja. Alirudi, akainama, akasema "Shikamoo bibi, samahani." Bibi akaitikia "Marahaba", akamsogezea nafasi barazani. Wiki ile yote alikuwa akienda pale jioni. Sikuwa nimempangia, na sikumzuia.

Fundisha salamu za aina tatu na uwaachie wenyewe wazichuje: ya dini, ambayo wasio Waislamu wanaweza kuijibu kwa adabu wakisalimiwa, ya umri, na ya vijana wa maskani. "Mambo vipi" mbele ya mzee wa miaka sabini ni kosa kubwa kuliko kukosea ngeli, na waambie hivyo waziwazi.

Hatua ya tatu: majina ya mitaa ni somo la sarufi

Hapa ndipo Mji Mkongwe unapofanya kazi ambayo kitabu hakiwezi. Wape majina haya: Darajani, Forodhani, Mkunazini, Hamamni, Kajificheni, Sokomuhogo. Waambie wakatafute maana kwa kuuliza watu, si kwenye simu.

Watarudi na daraja, forodha, mkunazi, hamamu. Watakuwa wameona wenyewe namna -ni inavyogeuza kitu kuwa mahali. Na hapo hapo historia inaingia bila kuhubiriwa. Daraja lilikuwa likivusha watu kwenye mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Maji yalifukiwa, daraja halipo, jina limebaki. Forodhani palikuwa na forodha. Hamamu iliyoipa Hamamni jina lake ilijengwa na Barghash na majengo yake bado yapo, yaingieni.

Kisha Kajificheni. Watakuja wakisema ni mahali pa "kajifiche". Waache wasumbuke nalo kidogo. -ni hii si ile. Hii ni ya kuwaambia watu wengi, kama "njooni" na "kaeni", na ile ka- ya mwanzo ni ya kwenda: nendeni mkajifiche. Mtaa mzima umeitwa kwa amri. Kwa nini watu waliambiwa wakajifiche? Wawaulize wazee wa pale, na kama wazee wawili wakitoa maelezo mawili, yote mawili yaandikwe. Sokomuhogo nalo halina -ni, na bado mtu husema "niko Sokomuhogo". Mwanafunzi akikuuliza kwa nini, umeshafaulu, maana ameanza kuisikiliza lugha yenyewe.

Kutoka hapo nenda kwenye pa-, ku- na m-, mlima unaowashinda wengi wao. Simama nao Darajani: hapa pana watu wengi. Onesha upande wa Ng'ambo: kule kuna majumba marefu. Ingia hamamu: humu mna giza. Nimefundisha jambo hili ubaoni kwa saa nzima na wakasahau. Nimelifundisha kwa dakika kumi tukiwa tumesimama mahali penyewe na hawajasahau.

Kazi ya kufunga hatua hii ni kuulizia njia. Wapeleke watatu Hamamni, chukua simu zao, waambie wafike Malindi kwenye msikiti wa Balnara wenye mnara wa umbo la pia. Watategemea kuambiwa majina ya barabara. Hakuna atakayewatajia. Wataambiwa: "Nyoosha njia hii, ukifika penye duka la vitambaa pinda mkono wa kulia, utaona baraza, ulizia tena hapo." Ile "ukifika" waliyoisoma kwenye jedwali sasa ina kazi, kwa sababu wasipoisikia watapotea. Na hilo "ulizia tena hapo" ndilo zuri kuliko yote. Wewe kaa Malindi uwasubiri. Usiwafuate nyuma. Kijana mmoja msaidizi akae katikati ya njia kwa usalama, basi.

Watakutana na papasi, vijana wanaowaandama watalii mitaani. Wafundishe jibu moja la adabu, "Ahsante kaka, niko masomoni", walirudie kwa Kiswahili hata mara tatu bila kukasirika. Mara nyingi Kiswahili peke yake humaliza mazungumzo, au huyageuza yakawa mazungumzo ya kweli. Na kama mtu anawafuata au anawasumbua wanafunzi wa kike, waingie duka lolote lenye mama ndani, waseme "Mama, huyu ananifuata." Sentensi hiyo wajifunze siku ya kwanza, pamoja na salamu.

Hatua ya nne: Marikiti

Kama una nafasi ya sehemu moja tu, iwe hii. Jengo la Marikiti ya Darajani lilifunguliwa mwaka 1904, na ukiacha hayo hakuna zaidi la kuwaeleza kwa mdomo. Mengine yote wataelezwa na wauzaji.

Mara ya kwanza wanakwenda bila fedha. Wanatazama na kuuliza majina tu. Wataomba "nyanya" na kuambiwa "tungule". Watasema "viazi" na kuambiwa "mbatata". Watasema "kitunguu saumu" na muuzaji atasema "thomu". Wengine hufadhaika wakidhani walifundishwa vibaya. Waambie hakuna aliyekosea. Mwalimu wao wa kwao alisema kweli na muuzaji anasema kweli. Daftari liwe na safu mbili, ya sanifu na ya hapa, na ya hapa ndiyo itumike mpaka siku ya kuondoka.

Siku hiyo hiyo wafundishwe vipimo. Ndizi zikiwa mtini ni mkungu, mkungu hukatwa machane, chane lina vidole. Tungule na ndimu huuzwa kwa fungu. Samaki wa kutungwa ni mtungo. Hivi ni vipimo vyenye mikono na macho ndani yake, na mwanafunzi asiyevijua ataendelea kununua kwa kunyoosha kidole kama yule wangu wa mwanzo.

Mara ya pili wanakwenda na fedha kidogo na orodha kutoka kwa mama wa nyumba wanayokaa. Orodha isiandikwe. Mama aitamke jioni, mwanafunzi aishike kichwani, kama wanavyotumwa watoto wetu. Akinunua kitu kisicho, chakula kitapungukiwa, na kesho atasikiliza vizuri zaidi. Kuhusu bei, wafundishe maneno manne: "Nipunguzie", "Bei ya mwisho ngapi?", "Nizidishie", "Haya, nifungie." Na wafundishe mipaka yake. Kuomba kupunguziwa mara moja ni mazungumzo, mara mbili ni kawaida. Kumng'ang'ania mama mwenye mafungu sita ya ndimu kwa ajili ya shilingi mia, na wewe umekuja kwa ndege, ni aibu. Nawaambia hivyo hivyo.

Mara ya tatu ni mnada wa samaki, asubuhi. Dalali anakwenda mbio na tarakimu zinapanda kabla mgeni hajamaliza kutafsiri ile ya kwanza. Kazi yao ni kuandika bei iliyoanza na bei iliyoishia kwa samaki watatu: changu, jodari, na mmoja wa kuchagua wenyewe. Siku ya kwanza wanakosa zote. Wakirudi siku nyengine wanapata moja. Nilikuwa na mwanafunzi kutoka Ujerumani aliyekwenda peke yake siku nne mfululizo, mpaka dalali akamzoea akawa anamtazama kwa mzaha kila akitaja tarakimu. Siku ya nne alipata zote tatu. Alikuja darasani na harufu ya samaki, akazisoma kwa sauti, na darasa zima likampigia makofi. Tarakimu hakuzikosea tena.

Kisha warudi jikoni. Wakune nazi, wakae kwenye mbuzi, waumie mikono. Maneno "kuna", "kamua", "tui", "machicha" hayana haja ya kuandikwa ubaoni mtu akiwa ameshayafanya.

Hatua ya tano: baraza

Hapa kazi ni kunyamaza, na kwa wanafunzi wengi hili ni gumu kuliko kusema. Wakae barazani Sokomuhogo jioni, wanywe kahawa chungu kwa kashata, wasikilize. Wasiwahoji watu. Wazee wanazungumza mpira, siasa, bei ya mafuta, nani kafariki. Kila mwanafunzi arudi na neno moja asilolijua na sentensi nzima alimolisikia. Neno moja linatosha.

Kama pana bao, wajifunze. Mashimo 32, kete 64, na msamiati wake haupatikani kwengine: kunamua, mtaji, kutakata. Anayecheza husemeshwa hata na watu wasiopenda kuzungumza na wageni, na kusahihishwa kunakuwa sehemu ya mchezo.

Baraza hizi za kahawa ni za wanaume zaidi, na ni wajibu wetu kulisema wazi badala ya kuwaacha wanafunzi wa kike waligundue wakiwa wamekaa peke yao. Wakitaka kwenda, waende na mwenyeji anayefahamika pale. Lakini baraza yao hasa iko kwengine: ukumbini au uani kwa wenyeji wao baada ya alasiri, wanawake wakiwa wanasuka ukili, wanapaka hina, wanachambua mchele. Pale Kiswahili ni kizito zaidi, kina mafumbo, kina methali zilizokatwa nusu kwa sababu kila mtu anaijua nusu ya pili. Wanafunzi wa kiume hawatafika huko kamwe. Kila mmoja ana mlango wake, na darasani siku ya pili wabadilishane walichosikia.

Kurekodi sauti bila idhini marufuku, picha bila idhini marufuku. Anayekiuka anabaki darasani wiki inayofuata. Mimi sina msamaha kwenye hili, kwa sababu mimi ndiye nitakayebaki hapa nikipita mbele ya baraza ile miaka yote.

Hatua ya sita: Mkunazini

Usiwapeleke wiki ya kwanza. Wapeleke wanapokuwa na maneno ya kutosha kuhimili wanachokiona.

Kanisa la Anglikana la Mkunazini limejengwa mahali palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Nje kuna sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni wakiwa ndani ya shimo, kazi ya Clara Sörnäs ya mwaka 1998. Ndani alizikwa Askofu Edward Steere, na kwa wanafunzi wa lugha jina hilo lina uzito wa pekee, kwani kitabu chake cha kufundishia Kiswahili cha Unguja kilitoka mwaka 1870, soko lile likiwa bado linafanya kazi. Wakati mtu anaandika ngeli na vitenzi vya mji huu, watu walikuwa wanauzwa mitaa michache kutoka hapo. Sijui namna ya kulieleza hilo kwa wepesi, na sijaribu.

Siku moja kabla, darasani, fundisha msamiati: mtumwa, kukamatwa, kuuzwa, mnyororo, kupigwa marufuku, kuachwa huru. Utaona vitenzi karibu vyote viko katika hali ya kutendwa. Basi fanya zoezi hili. Waandike sentensi tano: "Watu walikamatwa", "Watu waliuzwa", na kadhalika. Kisha waziandike upya, kila sentensi iwe na mtendaji mwanzoni. Nani alikamata? Nani aliuza? Nani alinunua, na alinunua kwa ajili ya shamba la nani? Chumba kinakuwa kimya. Baadhi ya majibu yanagusa nchi zao, mengine yanagusa yetu. Mwalimu asikwepe yanayotugusa sisi. Karafuu za visiwa hivi zilichumwa na mikono ya watumwa, na wanafunzi watajua kama tunapita pembeni.

Wakiwa pale, hakuna kazi ya kuandika. Watembee, watoke, wakae. Nilikuwa na mwanafunzi Mmarekani mweusi aliyekaa mbele ya sanamu zile zaidi ya saa moja. Wenzake walitaka kuondoka. Niliwatanguliza na msaidizi, nikakaa naye bila kusema neno. Aliponyanyuka alisema sentensi moja ya Kiswahili: "Hawa walikuwa na majina." Ilikuwa sahihi kwa sarufi na kwa kila kitu chengine. Siku ile sikusahihisha wala sikusifu.

Panga mchana wa siku hiyo uwe mtupu. Usiwapeleke Forodhani jioni kula urojo na mishkaki kana kwamba ni kituo kimoja baada ya chengine. Forodhani ina siku yake.

Hatua ya saba: vuka kwenda Ng'ambo

Matembezi mengi yanaishia Darajani, kama vile maji bado yapo na daraja limevunjika. Lakini watu wengi zaidi wa mji huu wanaishi Ng'ambo, na mwanafunzi anayeondoka bila kuvuka ameuona mji nusu. Michenzani kuna majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Waende wakaulize wanaoishi ghorofani: maji yanapanda vizuri? Nani aliingia hapa kwanza, wewe au wazazi wako? Huko watalii ni wachache, kwa hiyo watu hawajachoka kuulizwa.

Safari moja iwe ya daladala. Gari la 502 la kwenda Bububu linafaa, linapita Maruhubi na Mtoni. Wapande wenyewe, walipe wenyewe, na waseme "Shusha!" kwa sauti ya kusikika kabla hawajapitishwa kituo. Mwanafunzi mwenye sauti ndogo atapitishwa. Atarudi kwa miguu kidogo, na kesho atasema kwa nguvu.

Hatua ya nane: daftari la jioni

Kila jioni, kabla ya kulala, mambo matatu tu: maneno matatu mapya na nani aliyeyasema, kosa moja alilosahihishwa na nani aliyemsahihisha, swali moja ambalo hana jibu lake. Hilo la "nani" ndilo muhimu. Mwanafunzi asiyeweza kutaja ni nani, hata kwa kusema "mama wa maandazi" au "mzee wa kofia ya bulibuli", siku hiyo alitembea tu.

Asubuhi somo lianzie kwenye madaftari hayo. Acha kitabu. Kama wanne kati yao wamekosea "nimeshakula" na "nilikula", hilo ndilo somo la leo, na mlichopanga kitasubiri. Walimu wengi hufanya matembezi mchana na asubuhi wanarudi kwenye ukurasa wa 46 kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo ndipo kazi yote ya jana inapotea.

Siku ya mwisho: wakutembeze wewe

Mtihani wangu wa mwisho hauna karatasi. Kila mwanafunzi ananitembeza mimi kwa nusu saa katika moja ya zile sehemu tano, aliyoichagua mwenyewe, na mimi ni mgeni nisiyejua kitu. Sisaidii neno. Natazama mambo mawili: kama ananitambulisha kwa watu, na kama watu wanamjua.

Mwaka jana mmoja alinipeleka Marikiti, kwa mama wa ndizi. Alisalimia, akauliza hali ya mjukuu aliyekuwa na homa, akanitambulisha, "Mama, huyu ni mwalimu wangu, anatafuta ndizi mbivu." Mama akataja bei. Kijana akatikisa kichwa: "Mama, juzi uliniuzia kwa pungufu." Mama akacheka, akashusha bei, akafunga chane lile kwa kamba, kisha akakata kidole kimoja kutoka chane jengine akanipa mkononi. "Hiki cha mwalimu," akasema, akageuka kumhudumia mtu mwengine.